Gata Zangu na Wageni wa Mogogosiek

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mvua ilianza saa nane mchana. Hapa Kapsoit mvua ina adabu: asubuhi hutuacha tuchume chai, mchana huja kudai zamu yake. Leo haikuingia katika tangi. Ilifurika juu ya gata, mfereji wa bati ukingoni mwa paa, ikaanguka barazani kama pazia, ikalowesha kiti changu. Nilikuwa nimekikalia.

Nilisimama uani nikatazama juu. Gata ya mbele imejaa majani ya mikaratusi. Juu ya majani kuna udongo. Juu ya udongo kuna nyasi. Nyasi nzuri, lazima nikiri. Ng'ombe angeshukuru.

Mke wangu Gesare alisubiri tumalize chai. Kisha akasema. Wageni wa Mogogosiek wanakuja Jumapili kuzungumza habari za binti yetu Moureen, ambaye kijana wao Kipkirui anataka kumwoa. Wataoshwa mikono, watapikiwa, watakunywa chai. Yeye hatapanda kilima na maji ya wageni kichwani wakati mbingu inamwaga maji bure juu ya nyumba yake. Kwa hiyo tangi liwe na maji safi kabla ya jua kutua Ijumaa, maana Jumamosi ni Sabato na hakuna kazi. La sivyo wageni watapokelewa kwa Ogeto.

Kwa Ogeto! Ogeto ni mdogo wangu, tumbo moja. Nyumba yake iko ng'ambo ya ua wangu. Amefunga gata mpya za plastiki, nyeupe, kama meno ya mtu anayecheka bila sababu. Binti wa mkubwa azungumziwe katika nyumba ya mdogo! Nitaonekana mpangaji katika shamba la baba yangu. Kapsoit nzima itasimulia.

Nimemwambia Gesare asiwe na wasiwasi. Amesema hana wasiwasi. Amekwisha kuzungumza na mke wa Ogeto kuhusu sufuria.

Jioni nimechora kalenda ya kutunza gata mwaka mzima. Januari na Februari, kukaza vishikizo wakati wa jua. Machi, kuondoa majani kabla ya mvua kubwa. Aprili na Mei, kutazama viungo vinavyovuja. Julai, kukwangua kuvu wakati wa baridi. Septemba, kujihadhari na mvua ya mawe. Desemba, kutu. Nimeitundika sebuleni, palepale ilipokuwa ya mwaka jana. Ya mwaka jana ilikuwa na rangi mbili. Hii ina tatu. Kazi imeanza vizuri.


Jumanne, 9 Septemba

Ngazi iko kwa Ogeto. Siwezi kumwomba. Tena ngazi si chombo cha mtu wa umri wangu. Nilipokuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai, wakulima walipanga foleni mbele yangu wakiwa wamevua kofia. Mtu kama huyo haonekani angani akiwa na matope mkononi.

Mtu mwenye akili hapandi. Hupandisha.

Nimewaza juu ya kuku. Kuku hupekua. Mpe kuku takataka na punje chache, atatawanya kila kitu kabla hujamaliza kumhesabia makosa. Niliegemeza ubao kwenye tangi, nikarusha mahindi kwenye gata kwa kiganja, nikarudi nyuma kungoja. Mahindi mengi yaliangukia kichwani mwangu. Machache yalifika.

Kuku mmoja tu ndiye aliyeelewa mpango, yule mwekundu. Alipanda ubao, akapita juu ya tangi, akaingia gatani. Akala mahindi. Akageuka mara mbili juu ya nyasi, akakaa. Hakupekua hata unyoya. Saa sita alitoa sauti ya ushindi. Ametaga.

Nimemwita ashuke. Amenitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Gesare ametoka jikoni akauliza kwa nini yai lake liko juu ya paa. Nimemjibu kwamba ni hatua ya kwanza. Ogeto, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe upande wa pili wa ua, amepaza sauti: "Mkubwa! Nyasi hizo zikianza kutoa majani mawili na chipukizi, niite nije nichume!" Halafu akaongeza kwamba anakumbuka enzi zangu za mizani, nilivyokuwa nikirudisha kikapu kizima cha mtu kwa sababu ya jani moja gumu.

Kweli nilikuwa nikirudisha. Majani yalikuwa magumu.

Mvua saa nane na nusu. Barazani hapakaliki.


Jumatano, 10 Septemba

Mianzi! Sijui kwa nini sikuifikiria mapema. Nimekata mwanzi mrefu bondeni, nikafunga ubapa wa debe kwenye ncha yake. Mtu anasimama chini, imara, kwa heshima, anasukuma uchafu wote kutoka mwisho mmoja wa gata hadi mwingine. Hakuna ngazi. Hakuna Ogeto.

Kuku alitoka kwa kelele ambazo majirani wataziulizia. Yai lilianguka. Mengine yalikwenda kama nilivyokusudia. Nilisukuma majani, udongo na nyasi, taratibu, hadi mwisho wa gata, na vyote vikaishia pale bila kurudi. Gata ikabaki inang'aa. Nilimwita Gesare aone. Aliona. Aliuliza uchafu umekwenda wapi. Nilimwambia umekwenda mbele.

Saa nane mvua ilionyesha ni wapi. Uchafu wote ulikuwa umejipanga katika mdomo wa bomba la kushusha maji, umeshikamana kama kizibo cha chupa. Maji yalijaa gatani, yakakosa pa kwenda, yakarudi chini ya mabati, yakaingia chumbani kwetu. Yakachagua kabati. Ndani ya kabati yakachagua suti yangu ya kupokelea wageni.

Gesare ameweka beseni. Nimemwonyesha kwamba maji yaliyomo ni safi, na kwamba kwa maana fulani tumeanza kukusanya. Amelitazama beseni. Amenitazama mimi. Amekwenda kwa mke wa Ogeto na amekaa huko muda mrefu.


Alhamisi, 11 Septemba

Bahati imekuja yenyewe kwa pikapu. Kijana Kipkirui alikuwa ameleta maziwa Kericho, akapita kutusalimu. Kijana mrefu. Mikono mirefu. Nilipomwona akishuka garini, kichwa chake kilikuwa karibu na gata kuliko cha mtu yeyote aliyewahi kuingia katika uwanja huu.

Nilimpa chai. Nikamsifu kwa urefu. Nikasema kwamba zamani kijana mwenye nia njema hakungoja kuambiwa, alitazama nyumba na kuona penye kazi. Alitazama nyumba. Aliona. Akanywa chai.

Nikamwambia waziwazi apande.

Aliweka kikombe chini. Akasema, kwa upole mwingi, kwamba hawezi. Mama yuko ndani. Kwao Wakipsigis mkwe hapandi juu ya nyumba aliyokaa mama mkwe wake, na amesikia kwamba kwetu Wagusii ni vivyo hivyo.

Ni vivyo hivyo. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimeliandalia jibu. Nikamwambia kwamba mkwe ni yule ambaye mambo yake yamekwisha. Yeye bado. Watu hawajakaa, hakuna lililokubaliwa, hakuna ng'ombe aliyevuka Kericho. Kisheria na kimila yeye si mkwe wangu, ni mpita njia tu, na mpita njia anaweza kupanda paa lolote.

Niliona ni hoja nzuri. Bado naona hivyo.

Kipkirui alinitazama. Akasema: "Baba, kama mimi si mkwe, mzee wangu anakuja Jumapili kufanya nini?"

Akashukuru kwa chai, akamuaga Gesare kupitia dirishani bila kuinua macho, akaondoka.

Saa kumi na mbili jioni simu ililia. Mzee Jonah, baba yake Kipkirui, kutoka Mogogosiek. Aliuliza hali ya ng'ombe. Aliuliza hali ya chai. Aliuliza kama mvua ya huku ni kama ya huko. Mtu anayeuliza mambo mengi hivyo ana neno. Mwishowe akalitoa. Amesikia kwamba nimesema kijana wake ni mpita njia. Hakasiriki. Anauliza tu kama sisi familia ya Ombui tungependa safari iwekwe kando, hadi sisi wenyewe tupatane nani ni mkwe na nani si mkwe.

Gesare alikuwa akichambua mboga karibu yangu. Kisu kilisimama.

Nikasema ulikuwa mzaha. Mzee Jonah akasema anapenda mzaha, ila huu hakuuona vizuri kwa sababu ya umbali. Nikasema ulihusu gata. Nikaanza kumweleza mteremko wa maji. Gesare alinyoosha mkono, nikampa simu. Alimwomba radhi kwa maneno machache ambayo sikuyapenda, kisha akamwambia kwamba waje, waje wote, na kesho jioni atampigia simu kumwambia watafikia nyumba gani.

Kwa hiyo sasa hata Mogogosiek inajua kwamba kuna swali la nyumba.

Baadaye Moureen alipiga simu kutoka shule anakofundisha, Bomet. Kwa kawaida huanza na salamu. Leo alisema neno moja tu: "Baba." Nikangoja. Akasema: "Baba, tafadhali." Kisha akasema ana madaftari ya kusahihisha.

Sikula vizuri. Mboga zilikuwa na chumvi nyingi.


Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mwisho. Nimeamua kupanda.

Nilikwenda kwa Ogeto saa tatu. Sikuazima ngazi. Nilimwambia nimekuja kuikagua, kwa kuwa ngazi za siku hizi zina hatari. Ogeto aliibeba mwenyewe hadi kwangu, akaiegemeza ukutani, akavua viatu. Akasema: "Mkubwa, wewe nishikilie hapa chini. Ni kazi ya kufumba na kufumbua." Hata hakucheka.

Hapo ndipo nilipouona mtego. Apande yeye, maji yaingie, halafu Jumapili aseme mbele ya wageni kwamba hata maji wanayokunywa kwa mkubwa ameyatoa mdogo. Nilimwambia avae viatu vyake. Akasema, "Ni binti yetu sote, Ombui." Nikamwambia avae.

Alikaa uani kwake akijifanya ananoa panga.

Nilipanda kidato cha kwanza. Imara. Nikapanda cha pili. Hapo upepo ulianza, jambo ambalo halikuwapo chini. Nikapanda cha tatu. Kutoka kidato cha tatu mtu anaona mbali: chai ya watu, kijani kibichi hadi barabara ya Kisumu, moshi wa jikoni, watu wadogo wanaochuma. Niliitazama nchi kwa muda wa kutosha. Nikagundua kwamba mikono yangu imeshika ngazi na haina nafasi ya kushika kitu kingine. Kazi isiyo na mikono haifanyiki. Nikashuka kwa sababu hiyo.

Ilibaki njia ya akili. Niliacha ngazi pale ukutani ionekane. Nikapaka matope kwenye buti, kwenye mikono, na kidogo kwenye paji la uso. Nikakaa barazani nikihema.

Gesare alitoka soko la Kapsoit saa kumi na moja. Alitazama ngazi. Alitazama matope. Uso wake ulilegea kidogo, na kwa dakika hiyo nilikuwa mtu mwema. Kisha akaenda kwenye tangi na kuligonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kuja chini. Lilijibu kama ngoma. Aligonga hadi chini kabisa. Ngoma.

Nikasema mvua ya leo imechelewa. Akasema mvua ilinyesha saa nane, yeye alijikinga dukani. Nikasema jua bado halijatua, liko nyuma ya mikaratusi tu, na kufichwa si kutua. Hakubishana. Alichukua simu, akampigia Mzee Jonah.

Nilimsikia akisema jina la Ogeto. Alilitamka wazi, asije akakosea mtu.


Jumamosi, 13 Septemba

Leo ni Sabato. Siandiki kazi. Naandika hali ya hewa tu.

Asubuhi kulikuwa na jua. Tulikwenda kanisani. Mahubiri yalihusu kiburi na yalikuwa marefu; nilimwonea huruma Ogeto, aliyekaa safu ya mbele. Baada ya ibada nilimwuliza mzee wa kanisa kama gata iliyoziba ni sawa na ng'ombe aliyetumbukia kisimani, ambaye Maandiko yanaruhusu avutwe siku ya Sabato. Aliniuliza kama gata yangu inapumua. Watu waliokuwa karibu walicheka zaidi ya ilivyopasa siku kama hiyo.

Saa tisa mawingu yakawa na rangi ya chuma. Mvua ya mawe. Ilipiga mabati hata tusisikizane. Chai ya mbele imechanika, yangu na ya Ogeto pia. Zitapita wiki kadhaa kabla ya kuchuma chochote cha maana upande huo. Mawe yalijaa gatani, juu ya maji yaliyokuwa yamezuiwa na kizibo. Vishikizo vilinyooka kimoja baada ya kingine, bila haraka. Kisha gata yote ikashuka na kulala uani ikiwa nzima.

Gesare alisimama mlangoni akaitazama. Nilimwambia kwamba angalau tumeifikisha chini, na hakuna mtu aliyevunja Sabato.

Amekwenda kulala mapema.


Jumapili, 14 Septemba

Wageni walifika saa tano, kwa magari mawili, na wakapita mbele ya lango langu hadi lango la pili. Nilikuwa nimesimama langoni kwangu na suti. Nikawafuata nyuma kwa miguu. Suti ina ramani ya maji begani, inafanana na ziwa.

Ogeto alikuwa ameweka kiti kikubwa katikati. Alinishika mkono mbele ya watu wote, akanikalisha hapo, akasema: "Huyu ndiye mwenye binti. Mimi nina nyumba tu." Nimelifikiria tendo hilo mchana kutwa na bado sijaona ubaya aliouficha ndani yake. Labda mwanga. Kiti kilikuwa karibu na dirisha, ziwa likaonekana.

Mzee Jonah ni mtu mpole mwenye macho ya kuchokoza. Alisimama, akawasalimu wazee, akasema wametoka Mogogosiek asubuhi wakiwa na mpita njia mmoja ambaye amekataa kupita, wameshindwa kumfukuza, na sasa wanaomba wamwache hapa. Nyumba nzima iliangua kicheko. Kipkirui akainamisha kichwa. Moureen akaficha uso kwa leso. Wote walinitazama. Nikasema mpita njia huyo anaweza kukaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Sikukusudia kusema jambo kubwa, lakini inaonekana nililisema.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Walizungumza, walikula, walikubaliana. Watarudi Desemba kumaliza. Nilishika nafasi hapohapo: nikasema Desemba wageni watafikia kwangu. Mzee Jonah akasema ni vyema. Moureen alikuja kunimiminia chai mwenyewe na akaweka mkono begani kwangu, juu ya ziwa.

Saa nane mvua. Watu wote wakanyamaza, kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka katika tangi la Ogeto kwa sauti nzuri, nzito, isiyokatika. Mzee Jonah akaitikia kwa kichwa akasema hiyo ndiyo nyumba. Nikamweleza juu ya mteremko, vishikizo na majira. Nikasema kwamba mdogo wangu amesikiliza mashauri. Ogeto aliinua macho. Nilimngojea. Akasema ni kweli, mkubwa wake amemfundisha mengi kuhusu gata, akanisogezea sahani ya nyama.

Unafiki. Lakini nyama ilikuwa laini.


Jumatatu, 15 Septemba

Nilipoamka gata ilikuwa imerudi juu. Gesare alikuwa kwenye ngazi ya Ogeto, kanga imefungwa kiunoni, akikaza kishikizo. Ogeto alikuwa chini akimpa misumari. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibuliwa. Uchafu ulikuwa kwenye toroli. Chai ya asubuhi ilikuwa bado haijachemka. Niliwaonyesha jani moja walilolisahau.

Mvua ilikuja saa nane, ikaingia yote katika tangi. Nimefungua bomba la tangi nikaonja. Maji safi.

Hata hivyo mtu mwenye kufikiri hadanganyiki na siku moja. Desemba inakuja, na wageni ni wangu. Majani yataanguka. Mawe yataanguka. Nimekaa barazani, kiti kikiwa kikavu, nikaitazama gata ile hadi nikaona kosa ambalo hakuna mtu aliyeliona, si Gesare, si Ogeto, wala fundi aliyeifunga. Gata iko wazi upande wa juu! Chochote kinachotoka angani kinaingia. Imeachwa hivyo miaka yote, na watu wanashangaa kwamba inajaa.

Nitaijengea paa lake. Mabati membamba, mteremko mzuri, kutoka mwanzo hadi mwisho. Haitaingia nyasi, jani wala jiwe. Nimekwisha kupima kwa hatua, kutoka chini.

Gesare ameuliza maji nayo yataingilia wapi. Nimemwambia hayo ni mambo madogo ya ufundi, na kesho nitakwenda Kericho kununua mabati.